Bima yangu inajihuisha tarehe 28, na wakala ni shemeji yangu

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nina gari dogo la kwendea kazini na kupelekea watoto shule. Gari lina bima kubwa kwa jina langu, huu ni mwaka wa tano, na aliyenikatia ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni wakala wa kampuni hiyo. Mwaka wa kwanza nilijaza fomu, nikasaini ruhusa ya benki kukata ada, na tangu hapo sijashughulika na lolote. Ikifika tarehe 28 ya mwezi huu bima inajihuisha, pesa inakatwa, naletewa hati mpya.

Juzi nimepata taarifa ya kuhuisha. Ada imepanda kwa asilimia 30. Nilimpigia shemeji, akasema soko ndivyo lilivyo, niiache ipite mwaka huu, mwakani atanishughulikia. Mwaka jana ilipanda kwa asilimia 10 na maneno yalikuwa hayo hayo. Nikaulizia kampuni nyingine kwa simu, wakanitajia bei iliyo pungufu kwa robo kuliko hii mpya.

Mume wangu anasema jambo lenyewe dogo: niende benki nizuie wasikate, bima itajifia yenyewe, na shemeji asiambiwe, atajionea. Mimi nimesita. Kwanza, gari lina mkopo wa benki, imebaki miezi 18. Pili, miezi miwili iliyopita liligongwa ubavuni likiwa limeegeshwa. Aliyegonga anajulikana, ripoti ya polisi ipo, nikafungua dai kwenye kampuni yangu. Mkadiriaji hasara amekuja, ila fundi bado anasubiri idhini. Naogopa nikiondoka watalitupa dai langu. Tatu, kabla ya hapo sikuwahi kudai chochote na nilikuwa napewa punguzo. Naambiwa nikihama nalipoteza.

Mkataba unasema asiyetaka kuhuisha atoe taarifa kwa maandishi siku 14 kabla. Leo ni tarehe 5.

La mwisho ndilo linaloniuma. Mwaka juzi mtoto wetu alipozidiwa saa nane usiku, shemeji ndiye aliyekuja na kutupeleka hospitali, akakaa nasi mpaka asubuhi. Kamisheni ya bima yangu haiwezi kuwa kubwa, lakini najua wateja wake anawahesabu mmoja mmoja. Na mama mkwe akisikia nimemkimbia mwanawe sijui nitamtazamaje usoni.

Nivumilie mwaka mmoja tena, au niondoke? Na nikiondoka, nianzie wapi?

Mke wa Kaka Yake

—

Mke wa Kaka Yake, asante kwa barua yako, na asante zaidi kwa kuandika tarehe. Wengi wakituletea habari za bima hueleza hasira zao vizuri sana na kusahau siku. Wewe umetupa tarehe 5, tarehe 28 na zile siku 14.

Nikikusoma, naona maswali mawili umeyafunga kwa kamba moja. Moja ni la mkataba: unatokaje bila kuacha gari uchi, bila kukosana na benki, na bila kupoteza fidia yako. Jingine ni la nyumbani: unamwambiaje mtu uliyekesha naye hospitalini kwamba biashara yenu imefika mwisho, kama kweli imefika. La mkataba lina siku yake ya mwisho. La nyumbani halina. Kwa hiyo tulianze la kwanza, na njiani utaona kwamba la pili linapungua uzito.

Wazo la mume wako nalielewa, na ndilo wengi hulifanya. Shida yake ni kwamba ukizuia benki umezuia pesa tu, mkataba haujaguswa. Umekubaliana na kampuni kwamba usiposema kitu, wanahuisha. Hujasema kitu, wamehuisha. Sasa wana mkataba mpya na deni lako. Kinachofuata hutegemea maneno ya mkataba: wapo watakaokupa siku chache za kulipa kisha wafute, wapo watakaodai ada ya siku ambazo gari lilikuwa chini ya ulinzi wao, na kama ada hulipwa kwa mafungu wapo watakaodai mwaka mzima, kwa kuwa malipo ya kila mwezi mara nyingi ni mkopo wa ada ya mwaka uliokatwakatwa. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kingine. Bima iliyofutwa na kampuni kwa kutolipwa haifanani na bima uliyoiacha iishe. Fomu nyingi za maombi zina swali: je, umewahi kukataliwa au kufutiwa bima? Sasa hivi unaweza kujibu hapana ukiwa umetulia. Ukifuata njia ya benki, jibu linaweza kubadilika, na swali hilo litakufuata kila utakakokwenda.

Benki basi iwe hatua ya mwisho. Kwanza barua, halafu uthibitisho wa kampuni, ndipo uondoe ruhusa ya kukata. Uiondoe siku kadhaa za kazi kabla ya makato, maana agizo likishatumwa benki nyingi haziwezi kulirudisha siku hiyo hiyo.

Sasa zile siku 14. Soma hati yako uone kama bima inaisha usiku wa tarehe 28 au kama tarehe 28 ndiyo siku ya kwanza ya kipindi kipya. Tofauti ni siku moja, na siku moja hapa inatosha kukuharibia. Angalia pia kama taarifa huhesabiwa siku uliyoituma au siku waliyoipokea. Mikataba mingi huhesabu kupokelewa. Ongeza wikendi. Mimi ningejiwekea tarehe 10 kuwa ndiyo mwisho wangu. Maana yake una siku tano za kufanya kazi hii, si ishirini na tatu.

Hapa naomba nikuulize jambo. Kwa nini unaona chaguo ni mawili tu, kuvumilia au kuondoka? Kuna la tatu ambalo watu huliruka: kuzima kujihuisha bila kuikataa kampuni. Unawaandikia kwamba hutaki bima ihuishwe yenyewe wala pesa ikatwe bila idhini yako mpya, ila unaomba bei yao iendelee kuwa wazi mpaka siku ya mwisho. Kampuni nyingi hukubali, kwa sababu mteja anayefikiri ni bora kuliko mteja aliyekwenda. Ukishapata uthibitisho wa hilo kwa maandishi, ile siku ya 14 haikubani tena, na tarehe 28 utaamua ukiwa na karatasi mbili mkononi badala ya moja. Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa: ukisahau, hakuna atakayekukumbusha. Bima itaisha kimya, na asubuhi yake utaendesha gari barabarani bila hata ile bima ndogo ambayo karibu kila nchi inailazimisha. Ukimgonga mtu siku hiyo, hasara yake ni ya mfukoni mwako.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Jina lako kama lilivyo kwenye hati, namba ya bima, namba ya usajili wa gari, tarehe. Kisha maneno kama haya: "Naomba bima hii isihuishwe moja kwa moja itakapofika mwisho wake tarehe 28. Naondoa idhini yangu ya kukatwa ada ya kipindi kipya. Maombi haya hayahusu dai langu namba fulani, ambalo naomba liendelee kushughulikiwa. Naomba uthibitisho wa maandishi, pamoja na barua ya historia ya madai yangu." Itume kwa kampuni yenyewe kwa anwani iliyotajwa kwenye mkataba, nakala kwa shemeji. Kumwambia wakala kwa simu, hata akiwa ndugu, huenda kusihesabike kuwa taarifa kwa kampuni. Ukiipeleka kwa mkono, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukiituma kwa baruapepe, usitulie mpaka mtu akujibu. Ujumbe wa mashine unaosema "tumepokea" unathibitisha kwamba mashine ipo, basi.

Kuhusu dai la ubavuni, hofu yako naiona lakini sidhani kama imesimama mahali pake. Kwa bima ya gari, anayelipa ni yule aliyekuwa na mkataba siku gari lilipogongwa. Siku hiyo bima yako ilikuwa hai. Kuondoka kwako hakubadilishi siku iliyokwisha kupita. (Zipo bima zinazofuata siku dai lilipofunguliwa, hasa zile za makosa ya kitaaluma kama za wahasibu na madaktari, na huko kuhama kunataka tahadhari nyingine. Yako si hiyo.) Kitakachoweza kuliharibu dai ni wewe kumwambia fundi aanze kazi kabla ya idhini, au kuchelewesha nyaraka, au kuacha deni la ada ambalo watalikata kwenye fidia. Tafuta namba ya dai na jina la mtu anayelishughulikia pale kampuni, uwasiliane naye mwenyewe. Kama habari za dai zinapitia kwa shemeji, nadhani hiyo ni sehemu ya hofu yako: unaona kana kwamba fidia ni fadhila yake, kumbe ni haki uliyokwisha kuilipia.

Hilo dai ndilo linalonifanya niitazame upya ile asilimia 30. Shemeji anasema ni soko. Inawezekana. Lakini piga hesabu hii. Mtu mwenye punguzo la asilimia 25 kwa kutodai hulipa 75 kati ya kila 100. Punguzo likiondolewa analipa 100. Kutoka 75 hadi 100 ni kupanda kwa asilimia 33, na bei ya msingi haijaguswa hata kidogo. Yako ya 30 iko jirani mno na hiyo. Kampuni nyingi, dai likiwa bado wazi, hulihesabu kama la kwako hata kama ulikuwa umeegesha na kosa ni la mwingine, mpaka zitakaporudishiwa pesa na aliyegonga au bima yake. Kwa hiyo waulize kampuni, kwa maandishi: punguzo langu mwaka huu ni asilimia ngapi, na mwaka jana lilikuwa ngapi? Kama limeondolewa, swali linalofuata ni je, mkirudishiwa pesa mtanirekebishia ada? Zipo kampuni zinazorekebisha. Hazikukumbushi, unaomba mwenyewe.

Na kama sababu ni hiyo, basi bei ya kule kwingine nayo inabidi iulizwe swali. Ulipowapigia, uliwaambia kuna dai lililo wazi? Kama hukuwaambia, bei waliyokutajia ni ya mwanamke mwingine asiyegongwa. Ukiwaambia inaweza kupanda mpaka robo yote ikapotea. Usipowaambia ni vibaya zaidi, kwa sababu mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwombaji. Wakigundua siku ya ajali kwamba ulificha, wanaweza kukataa kulipa. Waombe bei mpya kwa maandishi, ukiwa umetaja dai, ripoti ya polisi na mkopo.

Ikifika, usiilinganishe kwa tarakimu ya chini peke yake. Angalia eksesi, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Bei ikishuka mara nyingi eksesi imepanda. Angalia nani anaruhusiwa kuendesha, maana kama mume wako hulichukua gari jioni na jina lake halimo, hapo pana shimo. Angalia vioo, wizi wa vipuri, na kama unalazimishwa gereji yao. Zaidi ya yote angalia thamani ya gari. Ikiwa kwa miaka yote hii thamani iliyoandikwa haijawahi kubadilishwa, unalipia gari ambalo halipo tena, kwa kuwa gari likiharibika lote kwa kawaida utalipwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Lakini usiishushe kupita kiasi ili upate nafuu. Gari lenye thamani ya 100 likiandikwa 70, kampuni nyingi hulipa hata hasara ndogo kwa uwiano huo huo: uharibifu wa 20 unalipwa 14, sita zako.

Punguzo lako la kutodai, kwa kawaida, ni mali ya mwenye bima, na kampuni nyingi hulipokea kutoka kwa nyingine ukileta barua ya historia ya madai. Ndiyo maana nimeitia kwenye barua ya juu. Ila itaandikwa kwamba kuna dai wazi, na kampuni mpya inaweza kuamua kulisubiri. Hapo ndipo kubaki, au kuhama, kunapogeuka kuwa suala la miezi michache.

Benki ya mkopo usiisahau. Mkataba wa mkopo wa gari kwa kawaida hudai bima kubwa wakati wote, na benki itajwe kwenye hati kuwa ndiyo ya kwanza kulipwa. Waulize leo au kesho kama wanaikubali kampuni unayoifikiria, kwani baadhi ya benki zina orodha yao. Hati mpya iwafikie kabla ya ya zamani kuisha. Wakiona pengo, wanaweza kukata bima wenyewe na kuipachika juu ya mkopo wako, na bima ya namna hiyo huwa ghali na hulinda mkopo wao kuliko gari lako. Bima mpya ianze dakika ile ile ya zamani inapokoma. Uliza saa, si tarehe tu. Zikiingiliana kwa siku moja hakuna ubaya ila ada ya siku hiyo, na usidhani ukigongwa utalipwa mara mbili: kampuni mbili zitagawana hasara moja.

Na kama yote haya yatachelewa na bima ikajihuisha? Mlango unakuwa mwembamba, haufungiki. Zipo nchi zenye siku chache ambazo mteja anaweza kujitoa kwenye mkataba mpya na kurudishiwa sehemu kubwa ya ada. Soma kama sheria yenu na mkataba wako vinahesabu pia mkataba uliohuishwa. Baada ya hapo kuna kufuta katikati ya mwaka. Ukifuta baada ya siku 90, hesabu ya haki ingekurudishia karibu robo tatu, lakini kampuni nyingi hutumia kipimo chao cha muda mfupi kinachokurudishia kidogo kuliko hapo, tena wakitoa gharama za ofisi. Ukiwa umedai ndani ya kipindi hicho kipya, wengi hawarudishi kitu.

Tumfikie shemeji. Mume wako anasema asiambiwe. Dada yangu, ataambiwa, na kampuni yake, kwa sababu mawakala hupewa orodha ya wateja ambao hawakuhuisha. Tofauti ni kama atalisikia kwako au atalikuta kwenye karatasi katikati ya majina ya watu baki. Mpigie kabla barua haijatoka. Na usimpigie kumuaga, maana bado hujaamua, mpe kazi. Aulize punguzo limekwenda wapi, aombe thamani ya gari ipitiwe, aulize idhini ya fundi imekwama mezani kwa nani. Hayo ndiyo wakala analipwa kuyafanya, na "mwakani nitakushughulikia" si mojawapo. Huenda akarudi na bei nyingine. Huenda akarudi mikono mitupu, na wewe ukajua. Kama ana leseni ya kuuza za kampuni zaidi ya moja, au anamjua dalali anayeweza kukuhamisha na yeye akabaki na chake, hiyo nayo ni njia. Ina ubaya wake: siku ya dai utakuwa bado unamdai haki ndugu yako, na umeshaonja ladha yake.

Ukiamua kubaki mwaka huu kwa ajili ya dai na kwa ajili yake, si ujinga, mradi umejua unalipia nini na kujihuisha umekuzima, ili mwakani aje kuomba, si kukuta. Ukiamua kuondoka, sioni kama ule usiku wa hospitali utakuwa umefutika. Niliposoma sehemu hiyo nilijiuliza kama yeye mwenyewe angependa kusikia kwamba unaulipia kwa ada ya gari. Wewe unamjua, mimi simjui.

Jambo la mama mkwe ningemwachia mume wako. Mdogo wake ni wake, na aliyekuwa tayari shemeji afichwe ni yeye. Anaweza pia kuwa tayari kumweleza mama, kwa lugha yao, kwamba gari lako limebadilishiwa bima au halijabadilishiwa.

Kabla ya tarehe 10 toa nakala mbili za ile ripoti ya polisi. Kampuni mpya itaiomba, na ya zamani, ukiwauliza idhini ya fundi imefikia wapi, kuna uwezekano wakakuambia hawajaiona.